Mnasihi

Mtu wa Salale, huko delta ya Rufiji, akiambiwa atapewa "ushauri", hutarajia kuambiwa la kufanya. Ndivyo shauri lilivyo barazani: wazee husikiliza, kisha hukata neno.

"Ushauri nasaha" ulienea nchini Tanzania kwa sababu ya Ukimwi. Julai 2007, Rais Jakaya Kikwete alipopima virusi vya Ukimwi hadharani Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, maneno hayo yalikuwa yamekwisha kuzoeleka katika zahanati. Lakini neno la pili lilimezwa na la kwanza, na hilo linaniuma, kwani nasaha ndiyo yenye uzito. Mzizi wake wa Kiarabu unabeba usafi wa nia. Undugu wake tunausikia katika toba ya nasuha, yaani toba ya dhati.

Kwa hiyo napendelea "mnasihi" kuliko "mshauri". Anayefundishwa kazi hii huanza kwa kujizuia: asikatize, asihukumu, aulize swali lisiloficha jibu, ajue pia lini ampeleke mtu kwa daktari. Si kungwi. Kungwi ana mafunzo ya kumkabidhi mwali. Mnasihi humsubiri mkulima ambaye mafuriko ya Aprili 2024 yalizoa mpunga wake, mpaka aseme mwenyewe kinachomnyima usingizi.

Sharti gumu ni siri. Kijijini mnasihi ni shangazi au shemeji wa mtu, na watakutana tena kisimani. Mafunzo yanayopuuza undugu huo hayajamwandaa. Naye anahitaji msimamizi wa kumtua mzigo, ikibidi kwa simu, bila kutaja jina la mtu.