Chama na Baraza: Maridhiano ya Zanzibar ya Mwaka 2010

Uzito wa chama katika visiwa vya Unguja na Pemba huonekana wazi zaidi mazikoni kuliko katika vitabu vya katiba. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957, watu wa kijiji kimoja walisusiana: huyu hanunui dukani kwa yule, wala haendi kumzika. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, desturi hiyo nayo ikafufuka, hasa Pemba baada ya uchaguzi wa 1995. Salmin Amour wa CCM alitangazwa kumshinda Seif Sharif Hamad wa CUF kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8, Barazani CCM ikapata viti 26, na CUF 24. Katika hali kama hiyo, mwakilishi aliyenena jema juu ya upande wa pili alihesabiwa kuwa amewauza waliompigia kura.

Miafaka miwili ilitiwa saini, wa 1999 na wa Oktoba 2001. Huu wa pili ulizaliwa na msiba: Januari mwaka huo askari waliwapiga risasi waandamanaji wa CUF, wakafa zaidi ya 30 kwa hesabu ya watetezi wa haki za binadamu, na wapatao 2,000 wakakimbilia Shimoni, nchini Kenya. Miafaka yote miwili ilikuwa mapatano ya wakubwa wa vyama, na mwananchi hakuulizwa. Machi 2008, huko Butiama, CCM ilitaka suala la kugawana madaraka lipelekwe kwenye kura ya maoni. CUF iliona kwamba huko ni kuchelewesha tu. Walakini shauri hilo lililoonekana kuwa la hila ndilo baadaye lililoleta faraja.

Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume alikutana Ikulu na Maalim Seif. Siku chache baadaye, katika viwanja vya Kibanda Maiti, Maalim Seif aliwaambia wafuasi wake kwamba sasa CUF inamtambua Karume kuwa Rais, jambo ambalo chama kilikuwa kimelikataa tangu 2005. Walimzomea. Kiongozi aliyezoea kushangiliwa alilazimika kurudi kwa watu wake na kueleza upya, Unguja na Pemba, mpaka wakamwelewa. Nionavyo mimi, zomeo lile ni ushahidi mkubwa kuliko hotuba zote za mwaka ule, kwa maana ladhihirisha gharama ya tendo lenyewe.

Januari 2010 kazi ilihamia Barazani. Hoja ya kuunga mkono maridhiano ililetwa na kiongozi wa upinzani, Abubakar Khamis Bakary, na wawakilishi wa CCM, ambao kwa wingi wao wangeweza kuizima, wakaipitisha pamoja na wenzao. Hakuna aliyehama chama. Tarehe 31 Julai wananchi wakapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakakubali. Katiba ikabadilishwa: chama cha pili kitoe Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri wagawanywe kwa kadiri ya viti. Uchaguzi wa Oktoba ulikuwa wa karibu kama ule wa 1995, lakini ulikwisha kwa amani.

Mfumo huo, hata hivyo, uliacha kifungo kimoja bila kukigusa. Kwa sheria ya nchi, mwenye kufukuzwa chamani hupoteza na kiti chake. Agosti 2013 CCM ilimfukuza Mansour Yusuf Himid, mwakilishi wa Kiembesamaki, aliyepingana na chama juu ya muundo wa Muungano. Februari 2014 jimbo likafanya uchaguzi mdogo. Wala CUF haikuwa pole zaidi: Januari 2012 ilimvua uanachama Hamad Rashid Mohamed, mbunge wa Wawi, naye akabaki bungeni kwa amri ya mahakama tu. Basi serikali ilikuwa ya pamoja, lakini kila mjumbe wake alishikwa ukosi na chama chake.

Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa. Ule wa marudio wa Machi 2016 CUF iliususia. Kwa kuwa hakuna chama cha pili kilichofikia asilimia 10 ya kura, kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa kitupu hadi Desemba 2020, Maalim Seif alipoapishwa tena, safari hii kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, baada ya uchaguzi ambao chama chake chenyewe kilikuwa kimeukataa. Alifariki tarehe 17 Februari 2021. Aliyeshika nafasi yake mwezi uliofuata ni Othman Masoud Othman, ambaye Oktoba 2014 alikuwa Mwanasheria Mkuu wa serikali ya Zanzibar na aliondolewa baada ya kupiga kura ya hapana, waziwazi, kwa baadhi ya ibara za Katiba iliyopendekezwa.