Kupona, Nafuu, Kujimudu

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, neno kupona lina maana mbili zinazogongana. Mkongo aliyetoka Uvira au Fizi, huko Kivu, husema alipona vita, yaani alinusurika. Muuguzi naye huuliza kama mgonjwa amepona, yaani ugonjwa umekwisha. Mwenye skizofrenia aliyekimbia Kivu hujibu swali la kwanza bila shida. La pili humkwamisha: sauti zinaweza kufifia zisiondoke, na sindano ya kila mwezi ikaendelea miaka na miaka.

Tangu miaka ya 1990, wataalamu kama Mmarekani William Anthony wamesisitiza kupona kwa namna nyingine, ambako mtu anaishi maisha anayoyaona ya maana hata kama dalili zimebaki. Kupona huku sisi tukuite nini? Nafuu haitoshi, maana hupima ugonjwa tu. Ahueni ni tamu masikioni, ila mimi huniletea picha ya mtu aliye bado kitandani. Wapo wanaopendelea kujitegemea, na hapo nakataa kabisa, kwa sababu ya hali ya kambi yenyewe.

Dzaleka, iliyoko wilaya ya Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Jina lake, wasemavyo watu, limetokana na Kichewa cha mfungwa anayeapa kwamba ataacha. Leo ina watu zaidi ya 50,000, nayo ilikusudiwa wachache mno kuliko hao. Sheria za Malawi humbana mkimbizi asiishi wala kufanya kazi nje ya kambi apendavyo, na mwaka 2023 serikali iliwaondoa wakimbizi waliokuwa na maduka Lilongwe na kuwarudisha kambini. Sasa chukua dodoso linalopima uwezo wa mgonjwa kwa kuuliza kama ana ajira. Yeye na jirani yake mwenye akili timamu watapata alama ileile: sifuri.

Nachagua kujimudu. Anayejimudu huteka maji, huoga, hukumbuka vidonge vyake, husimama foleni ya mgao, hubishana bei ya nyanya sokoni, na siku akizidiwa hujua kusema apelekwe Bwaila, Lilongwe, kwenye kitengo cha wagonjwa wa akili. Tena neno hili halimdai aachane na watu: mtu hujimudu huku dada yake akimkumbusha dawa.

Basi wanaotafsiri madodoso ya kambini waandike kujimudu, na swali la ajira walifute.