Rangi za Misimu katika Utunzi wa Visiwani

Kiswahili kina maneno matatu tu ya asili yanayotaja rangi na kufuata upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine zimeazimwa kutoka katika vitu. Kijani ni cha majani, kijivu ni cha majivu, manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda, na samawati ni mbingu kwa asili yake ya Kiarabu. Kwa hiyo mshairi wa mwambao atajapo rangi hutaja kitu, na kitu hicho aghalabu kina msimu wake.

Misimu yenyewe si ile minne ya Ulaya. Mwaka wa pwani umejengwa juu ya pepo mbili, kaskazi na kusi, na baina yake zikaingia masika na vuli. Wahenga walikwenda mbele zaidi: mwaka wa jua unaoanzia Nairuzi waliugawa kwa miongo 36 ya siku kumi kumi, wakabakisha siku tano. Nahodha na mkulima walihesabu kwa miongo hiyo, na macho yao yalizoea kutazama nini kinabadilika katika kila mwongo. Malindi, kwa mfano, hapana haja ya kalenda: mvua kubwa zikinyesha bara, Mto Sabaki huteremsha matope, na bahari iliyokuwa samawati ikawa rangi ya udongo.

Lakini hakuna kitu kilichowafunza watu wa Unguja na Pemba kusoma rangi kama karafuu. Kikonyo hutoka kijani, kikapauka, kisha kikaanza kuiva wekundu. Hapo ndipo huchumwa, kabla ua halijafunguka. Likifunguka, thamani imepotea. Karafuu zikishachambuliwa na makonyo kutengwa, huanikwa juani juu ya majamvi, na kwa siku tatu hadi tano za jua kali hugeuka hudhurungi iliyokoza. Zikinyeshewa au zikilazwa mbichi kwa muda mrefu, huvunda na kuwa nyeupe-nyeupe. Weupe huo, ambao katika ushairi mwingi ni alama ya usafi na heri, kwa mwenye shamba ni hasara tupu. Mtunzi asiyelijua hili atautumia weupe pahala pake pasipo na msomaji wa Wete hatamsadiki.

Wala si shamba la mtu mmoja tu lililopata kubadilika rangi. Mwezi wa Aprili 1872, katika masika, tufani iliipiga Unguja ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyokuwa kisiwa cha karafuu. Ukijani wa mashamba ulihama, ukavuka mkondo.

Katika zama zetu, Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu mwaka 1933 aliyefariki 2021, aliijua misimu hii kwa mikono yake kabla ya kuitia katika beti, kwani alikuwa mvuvi na baharia, tena mchukuzi. Diwani yake ya *Kimbunga* ilitoka mwaka 1994, na jina hilo peke yake latosha kuonesha kwamba hali ya hewa kwake haikuwa pambo.

Wajapani nao, tuseme kwa kupita, walipokusanya *Kokinshu* mnamo mwaka 905, vitabu sita vya mwanzo kati ya ishirini walivipa majira ya mwaka. Hawakuona haya kuanza na maua na majani. Huku kwetu elimu hiyo ipo, ila haijakusanywa pamoja. Imo katika miongo, ambayo vijana wengi watungao leo hawaihesabu tena. Ndipo tunaposoma shairi lenye vina na mizani timamu, linalosifu karafuu nyekundu zilizokwisha kulala juani siku nne.