Bata wa Ihefu na Chungu cha Makongolosi

Ukilisikia jina la Makongolosi, mawazo yako yanakwenda moja kwa moja kwenye dhahabu. Wala si kosa lako. Tangu enzi za babu zetu sehemu hiyo ya Wilaya ya Chunya imejulikana kwa sururu, karai na vumbi. Lakini mtu hali dhahabu. Leo tutaingia Makongolosi kwa mlango wa jikoni, tuzungumze habari za ndege wa porini, na hasa bata wa majini: waliwindwaje, nani aliruhusiwa kuwala, na maji yao yamepatwa na nini.

Kwanza tazama mahali penyewe. Kutoka Mbeya unapanda mlima, unateremkia Chunya, kisha unaendelea kaskazini kama kilometa 40 hivi ndani ya miombo. Upande wa magharibi kuna bonde la Ziwa Rukwa. Upande wa mashariki kuna bonde la Usangu, na huko Usangu kuna kinamasi kikubwa kiitwacho Ihefu, ambacho maji yake hutoka kuingia Mto Ruaha Mkuu. Basi ukiwa bata, Makongolosi ni njiani baina ya bakuli mbili za maji. Na bata hana kijiji cha kudumu. Hufuata mvua. Masika yakijaza madimbwi ya mbugani, na hata mashimo yaliyoachwa na wachimbaji, utamwona hapo. Madimbwi yakikauka, anarudi kwenye maji makubwa. Kanga na kwale hao ni wenyeji wa miombo mwaka mzima, ila bata ni mgeni, na mgeni siku zote hupokewa kwa shangwe. Safari hii shangwe yenyewe ni ya sufuria.

Sasa tuanze na tumbo. Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922. Bei ya dhahabu duniani ilipopanda baada ya mwaka 1931, watu walimiminika Lupa kama siafu: Wazungu wenye vitalu, na maelfu ya Waafrika waliokuja kufanya kazi ya kibarua kutoka pande zote za Nyanda za Juu na hata nje ya mipaka. Mgodi wa New Saza ulianza mwaka 1939 ukafungwa mwaka 1956. Umati wote huo ulikula nini? Porini hapakuwa na mashamba ya kuutosha. Chakula kilibebwa kuvuka milima. Wakulima wa Unyakyusa waliuza mchele wao Lupa, na biashara hiyo iliwatia moyo kulima zaidi. Huko Usangu nako, watu wenye asili ya Baluchi walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuchimba mifereji ya kumwagilia mpunga. Yaani, ndugu mkulima, ukisikia leo sifa za mchele wa Mbeya, ujue kwamba njaa ya wachimba dhahabu imo ndani ya historia hiyo.

Na palipo na mpunga, bata hafiki kwa barua ya mwaliko. Wewe uliyelima mabondeni unamjua yule bata mdogo mwenye uso mweupe, anayepiga mluzi akiruka usiku. Mchana anasimama kando ya maji kimya kama mtu mwema. Jua likizama anaingia mpunga wako. Yupo pia yule bata bukini mkubwa mweusi mwenye mwiba kwenye kiungo cha bawa. Dume lake huweza kupita kilo 6. Yupo na yule ambaye dume lake lina nundu juu ya mdomo. Hawa wote hula mbegu na nafaka, na ndege aliyenona kwa nafaka ni mtamu. Mwenye shamba alimlaani bata usiku, akamsifu mchana akiwa mezani.

Lakini mezani kwa nani? Hapo ndipo penye maneno. Wajerumani walitoa amri za uwindaji tangu mwaka 1896, na Waingereza wakaleta sheria yao mwaka 1921, kisha nyingine mwaka 1951. Leseni ililipiwa, na bunduki ya marisawa, ile inayomwaga vipande vidogo vya risasi na kufaa kwa ndege arukaye, ilikuwa zaidi mikononi mwa Wazungu. Mwafrika akibahatika alikuwa na gobori la baruti, ambalo kwa ndege arukaye ni sawa na kumtupia jiwe. Waliobaki walitegemea tanzi, wavu na subira. Ajabu yake ni kwamba mwenye bunduki aliyeangusha bata kumi kwa kujifurahisha aliitwa mwindaji, na kibarua aliyetega mmoja apate kitoweo cha kuongezea posho yake ya unga na maharage aliweza kuitwa mwizi. Ofisa wa wanyama watu walimwita Bwana Nyama, na jina hilo peke yake linakueleza walivyoliona jambo lenyewe. Mmoja wa mabwana nyama wa nyanda hizi, George Rushby, alikuwa kwanza mwindaji wa tembo na mtafuta dhahabu huko huko Lupa kabla ya kuajiriwa kuwalinda wanyama. Baada ya Uhuru, Serikali ilisimamisha uwindaji wa kitalii kuanzia mwaka 1973 hadi 1978, na mwaka 1974 ikatungwa sheria mpya ya wanyamapori. Hii tunayoitumia sasa ni ya mwaka 2009. Leseni bado inatakiwa, na bunduki nayo ina kibali chake, kwa hiyo usije ukatoka hapa ukachukua wavu ukasema umesoma kwetu.

Raha ya kuwinda bata haimo katika mlio wa bunduki, ingawa wengi hudhani hivyo. Raha ni kungoja. Unaingia kwenye matete jua likiwa bado kiasi cha mkono mmoja juu ya upeo. Maji yanapoa, vyura wanaanza. Huoni kitu. Halafu unasikia mluzi kwa mbali, na kabla hujageuza shingo wameshapita juu yako, weusi dhidi ya anga nyekundu. Mwenye pupa hufyatua pale pale na kukosa. Mzoefu humwelekezea bunduki mbele yake, maana bata anakimbia kuliko unavyofikiri, na hampigi aliye mbali zaidi ya hatua 40, kwa kuwa huyo atajeruhiwa tu akafie kwenye matete asiliwe na mtu ila fisi. Na kuna wakati ambao mwindaji mwungwana hawagusi kabisa. Bata wa majini hupukutisha manyoya yote ya mabawa kwa pamoja, wakakaa majuma kadhaa bila kuweza kuruka. Mtoto mwenye fimbo anaweza kuwamaliza. Kuwamaliza hivyo si kuwinda, ni kufyeka.

Hata hivyo, si fimbo wala bunduki iliyompunguzia bata makao yake huko Ihefu. Ni maji. Miaka ya 1970 lilijengwa shamba kubwa la mpunga la Mbarali kwa msaada wa China, na baadaye likafuata la Kapunga. Wakulima wadogo nao walizidi kufungua mifereji, na mifugo ikaongezeka. Kila mfereji ulikuwa na sababu yake nzuri, na taifa lilihitaji mchele. Lakini mwaka 1993 Ruaha Mkuu, mto ambao wazee hawakuzoea kuuona umekatika, ulikauka kiangazi. Viboko walibanana kwenye vidimbwi, na watu wa umeme huko chini, kwenye mabwawa ya Mtera na Kidatu, walianza kuuliza maji yanaishia wapi. Usangu ilifanywa pori la akiba mwaka 1998, na mwaka 2008 ikaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, jambo lililowahamisha wafugaji na wakulima wengi na kuacha manung'uniko ambayo hayajaisha. Mpunga ulimleta bata, na mpunga huo huo ukamnywea maji yake. Mimi sisemi tuache mpunga. Nasema mfereji usio na lango la kufungia, unaomwaga maji barabarani usiku kucha, haumlishi mtu wala bata.

Na wewe uliye Makongolosi leo unaweza kuniuliza, mbona bado tunawaona bata madimbwini? Ndiyo, wanakuja. Lakini tazama wanatua wapi. Wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki, na matope ya mialo hubaki nayo. Bata hula kwa kuchokoa matope. Siku hizi kuna pia mabwawa ya kuchenjulia kwa sianidi, na ndege anywaye humo huweza kufa. Ndege uliyemkuta amekufa kando ya maji ya namna hiyo usimwokote, hata kama bado ana joto na watoto wanalilia kitoweo. Vivyo hivyo kwelea kwelea waliopuliziwa dawa mashambani. Wapo watu wanaowaokota kwa magunia wakidhani ni bahati. Ile dawa iliyomwangusha ndege haikuondoka mwilini mwake, na kumkausha juani hakuiondoi. Aliyepatikana kwa halali na akiwa mzima, huyo ndiye wa kupikwa.

Haya, jiko liwashwe. Bata mnyonyoe angali na joto, kisha mbabue kwa moto wa nyasi kuondoa malaika. Juu ya mkia kuna kitezi cha mafuta anachojipakia manyoya yasilowe. Kikate chote, maana hicho ndicho kinachotoa harufu ambayo watu huilaumu nyama nzima. Palipo na alama nyeusi pana risasi, chokonoa uitoe usije ukavunja jino la mgeni. Mkate vipande, mpake chumvi na ndimu, mwache saa moja.

Bata mdogo chemsha taratibu mpaka alainike, acha supu ikauke, halafu mkaange kwa mafuta yake mwenyewe pamoja na vitunguu na nyanya. Bata bukini ni kazi nyingine. Nyama yake ni ngumu kama ukanda, hivyo ipake papai bichi lililopondwa, kisha uiache jikoni saa tatu bila kuihurumia. Hata hivyo, huko Gambia, Afrika Magharibi, imeonekana kwamba nyama ya bata bukini huyu huweza kuwa na sumu kwa sababu ya mbawakawa anaowala. Wale walionona kwenye mpunga ndio wanaopendelewa.

Kanga hana mafuta, kwa hiyo usimbanike, atakauka kama kuni. Mshike kwa mdomo wa chini: ukipinda kwa uzito wake ni mchanga, ukisimama imara ni mzee, na mzee lazima achemshwe kwanza. Kisha ponda karanga mbichi, zikoroge na supu yake, mimina juu ya nyama, acha zichemke mpaka mafuta yaelee. Kwale mchanga peke yake ndiye anayestahili makaa, na chumvi tu. Wali wa Kyela ukiwapo ni vizuri. Usipokuwapo, ugali hautaona haya.