Edward Hitchcock

Edward Hitchcock (24 Mei 1793 – 27 Februari 1864) alikuwa mchungaji na mwanajiolojia wa Marekani, profesa na baadaye rais wa Chuo cha Amherst, jimbo la Massachusetts. Anakumbukwa hasa kwa kazi yake juu ya nyayo za kale zilizohifadhiwa katika miamba ya bonde la mto Connecticut, na kwa jitihada zake za kuonyesha kwamba jiolojia haiipingi Biblia.

Alizaliwa Deerfield, katika jimbo hilohilo, mwana wa mshona kofia aliyepigana vita vya uhuru wa Marekani. Kijana huyo alipenda elimu ya nyota. Nyotamkia kubwa ya mwaka 1811 ilimpa kazi ya kupima na kukokotoa, na katika kazi hiyo akagundua makosa mengi ndani ya almanaka iliyotumiwa na mabaharia. Mwaka 1814 ugonjwa ulimdhoofisha macho, na ndoto ya kwenda Chuo cha Harvard ikaishia hapo. Hivyo mtu aliyekuja kuongoza chuo hakuwahi kusomea shahada ya kwanza. Sehemu kubwa ya elimu yake aliitafuta mwenyewe.

Akiwa mkuu wa shule ya Deerfield alifahamiana na mwalimu mwenzake, Orra White, mchoraji hodari wa mimea. Walioana mwaka 1821, mwaka uleule Hitchcock alipowekwa wakfu kuwa mchungaji wa Wakongregesheni mjini Conway. Afya yake haikustahimili uchungaji. Mwaka 1825 aliacha usharika, akajifunza kwa muda chini ya profesa Benjamin Silliman katika Chuo cha Yale, kisha akaanza kufundisha kemia na historia ya viumbe Amherst. Darasani alitundika vitambaa vikubwa ambavyo Orra alivichora kwa mkono: tabaka za miamba, visukuku, wanyama waliotoweka. Ni haki kusema kwamba wanafunzi wa Hitchcock waliijua dunia ya kale kupitia macho ya mkewe.

Mwaka 1830 serikali ya Massachusetts ilimpa kazi ya kupima jiolojia ya jimbo zima, na ripoti yake ilitoka mwaka 1833. Kitabu chake cha kiada cha jiolojia cha mwaka 1840 kilichapishwa tena na tena kwa miaka mingi. Ndani yake mlikuwa na mchoro wa viumbe wenye umbo la mti, mimea upande mmoja na wanyama upande mwingine, huku michikichi na binadamu wakivikwa taji kileleni. Haukuwa mti wa mageuzi, maana Hitchcock aliamini kila kundi liliumbwa na Mungu kwa wakati wake. Charles Darwin alipotoa kitabu chake juu ya mageuzi mwaka 1859, mchoro huo uliondolewa katika matoleo yaliyofuata.

Alikuwa rais wa chuo kuanzia mwaka 1845 hadi 1854. Alikikuta katika shida kubwa ya fedha, akakiacha kimesimama imara. Muda huo wote alifundisha jiolojia pamoja na teolojia asilia. Katika kitabu chake cha mwaka 1851 kuhusu dini ya jiolojia, alikubali waziwazi kwamba dunia ina umri mkubwa mno, akiweka kipindi kirefu kati ya "hapo mwanzo" na siku sita za uumbaji. Alifundisha pia kwamba kifo kilikuwapo kati ya wanyama kabla ya Adamu. Mchungaji aliyesema hivyo wakati huo alihitaji ujasiri, na Hitchcock hakuona kwamba amemsaliti Mungu wake kwa lolote.

Kazi ya nyayo ilianza mwaka 1835, wakati mawe ya kutengenezea njia mjini Greenfield yalipoonekana yana alama za vidole vitatu. Daktari James Deane alimwandikia Hitchcock, naye mwaka uliofuata akachapisha maelezo yake. Baadaye wawili hao walivutana vikali juu ya nani apewe sifa ya ugunduzi. Kwa karibu miaka 30 Hitchcock alikusanya mabamba ya mawe: mengine yana mistari ya nyayo zilizofuatana hatua kwa hatua, mengine yana viwimbi vya maji na vishimo vya matone ya mvua iliyonyesha juu ya tope laini. Alipima urefu wa hatua, pembe za vidole, hata mikunjo ya ngozi. Alihitimisha kwamba nyayo nyingi ni za ndege wakubwa. Leo tunajua ni za dinosauri wa mwanzoni mwa enzi ya Jura, lakini kosa hilo halikuwa la uzembe: mguu aliouona unafanana kweli na wa ndege, na wanasayansi sasa wanakubali kwamba ndege wametokana na dinosauri.

Kazi yake kuu juu ya nyayo hizo ilitoka mwaka 1858. Orra alifariki mwaka 1863, naye akamfuata miezi tisa baadaye. Mabamba yake bado yako Amherst, katika jumba la makumbusho la chuo, na majina aliyoyatunga, kama Eubrontes, Grallator na Otozoum, yanatumiwa na watafiti wa nyayo za kale hadi sasa.