Neno la wiki: Dalali

Dalali ni neno lenye asili ya Kiarabu. Maana yake ya zamani ni mtu anayenadi au kuuza mali kwa niaba ya mwenyewe, akalipwa ujira. Dar es Salaam leo, ukitaja dalali, wengi humfikiria mtu wa vyumba, yule mwenye namba ya simu iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme. Tuseme chumba ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita, na dalali naye akataka ya mwezi mmoja, mpangaji anatoa 700,000 kabla hajaingiza hata godoro. Kijana anayeanza kazi atazitoa wapi? Dalali apate haki yake, lakini alipwe na aliyemtuma, yaani mwenye nyumba. Na kodi ilipwe mwezi kwa mwezi.