Deni Linalobaki Baada ya Msamaha

Wapo Wakristo wanaodhani kwamba mtu akishasamehewa, mambo yote yamekwisha. Ameungama, amepewa maondoleo, anatoka kanisani mweupe kama pamba, na yeyote atakayemkumbusha ya jana ndiye huonekana mwenye roho mbaya. Wapo na wengine wanaodhani kinyume chake, kwamba hakuna msamaha mpaka mkosaji amalize kulipa senti ya mwisho. Nimeyasikia yote mawili hapa Bujora, na pengine hata wewe msomaji umeyasikia huko uliko. Historia ya majirani zetu inatufundisha kwamba pande zote mbili zimekosea.

Majirani ninaowasema ni Wanyarwanda. Kwa sisi Wakatoliki wa Mwanza hao ni zaidi ya majirani, kwa maana imani yetu imetoka katika nyumba moja. Mwaka 1894 Askofu Jean-Joseph Hirth wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, alikabidhiwa Vikarieti ya Nyanza Kusini. Vikarieti hiyo ilichukua pwani yetu ya ziwa pamoja na Rwanda. Mwaka 1900 yeye ndiye aliyewafikisha wamisionari Save, misioni ya kwanza ya nchi ile. Mpaka mwaka 1912, Vikarieti ya Kivu ilipoundwa, Mnyarwanda na Msukuma waliobatizwa walikuwa na askofu mmoja. Baadaye Kanisa la Rwanda lilikua kwa kasi ya ajabu. Mfalme Mutara Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi yake chini ya Kristo Mfalme.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana, aliyekuwa akirudi kutoka mkutanoni Dar es Salaam, ilitunguliwa Kigali. Katika muda wa siku zipatazo 100 watu zaidi ya 800,000 waliuawa, wengi wao Watutsi. Wengi wa waliouawa walikuwa wamebatizwa. Na wengi wa wauaji walikuwa wamebatizwa vilevile. Mto Kagera ulibeba maiti mpaka Ziwa Victoria. Maelfu walizikwa upande wa Uganda, huko Kasensero, Lambu na Ggolo, na watu wengi wa kandokando ya ziwa waliacha kula samaki kwa muda. Hilo ni somo la kwanza. Dhambi haikai pale ilipotendwa. Iliyotendwa juu ya kilima cha Rwanda iliingia katika chungu cha mvuvi ambaye hakuwahi kukiona kilima hicho.

Kisha ikaja zamu ya hukumu. Umoja wa Mataifa uliunda Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, ikafanya kazi yake hapa nchini kwetu, Arusha, hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Mbele yake alifika Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu siku zile za mauaji. Mwaka 1998 alikiri makosa yake. Hata hivyo alihukumiwa kifungo cha maisha. Alifika pia Padre Athanase Seromba wa Parokia ya Nyange, ambako kanisa liliangushwa kwa tingatinga likiwa limejaa watu waliolikimbilia. Mwaka 2008 mahakama ya rufani ilimpa naye kifungo cha maisha. Daraja la upadre halikuwa ngao.

Lakini Arusha ilishughulikia wakubwa wachache. Kwa waliobaki Rwanda ilifufua baraza la kale la wazee, yaani gacaca, ambapo watu hukaa majanini na kusikiliza shauri. Tangu majaribio ya mwaka 2002 hadi kufungwa kwake mwezi Juni 2012, mabaraza hayo yalisikiliza kesi zinazokaribia milioni 2. Aliyekiri, akaeleza alivyotenda na kuomba radhi mbele ya watu, alipunguziwa adhabu. Kupunguziwa, narudia, si kufutiwa. Wengi walitumikia sehemu ya adhabu yao kwa kazi za umma, kama kujenga nyumba, kutengeneza barabara na kukata matuta mashambani. Aliyepora mali alitakiwa kuirudisha au kuilipa. Mabaraza hayo yalilaumiwa pia, hasa kwamba washitakiwa hawakuwa na mawakili na kwamba makosa ya askari wa upande ulioshinda hayakufikishwa pale. Lawama hizo zina uzito. Hata hivyo yalifanya jambo ambalo gereza haliwezi: mjane aliambiwa mume wake amelala wapi, akaenda kumzika.

Je, Kanisa linasema nini? Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 inafundisha kwamba maondoleo yanaondoa dhambi, lakini hayatengenezi yote yaliyoharibiwa na dhambi. Ndiyo maana kuna malipizi. Mfalme Daudi aliposema kwamba amemkosea Bwana, nabii Nathani alimwambia papo hapo kwamba dhambi yake imeondolewa. Lakini mtoto alikufa, na upanga haukuondoka nyumbani mwake. Zakayo naye hakulipa mara nne ndipo Yesu akaingia kwake. Yesu aliingia kwanza, na Zakayo akafungua mfuko baadaye, kwa furaha.

Msomaji autazame vizuri mpangilio huo, maana ndipo mila yetu na Injili zinapokutana na kuachana. Padre David Clement, Mkanada aliyeanzisha Makumbusho ya Wasukuma hapa Bujora, aliamini kwamba mila za Wasukuma zinaweza kuihudumia Injili, nami nakubaliana naye. Kijijini mkosaji hutengwa. Hapewi moto wala maji. Akilipa ng'ombe wa faini, wazee humpokea na watu hula pamoja. Mila hiyo inajua kwamba kosa lina gharama, na hapo inawashinda Wakristo wengi. Lakini kwake malipo hutangulia na mapokezi hufuata. Katika Injili neema hutangulia, na malipo hufuata kama tunda lifuatavyo ua. Ua lisilozaa tunda ni pambo tu.

Mwaka 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba radhi kwa ajili ya Wakristo walioshiriki mauaji. Mwezi Machi 2017 Papa Fransisko naye alimwomba Mungu msamaha kwa dhambi na upungufu wa Kanisa na watu wake, wakiwemo mapadre na watawa. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 20. Wengine walisema wamechelewa, na kweli walichelewa. Lakini deni halifi kwa sababu ya kuchelewa kulipwa.

Nasi Wasukuma tusiinyoshee Rwanda kidole. Kwa miongo mingi vikongwe wa Kanda ya Ziwa wamekatwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi, na tangu mwaka 2007 nchi nzima imesikia habari za albino waliouawa kwa ajili ya viungo vyao. Wauaji hao hawakushuka kutoka mwezini. Ni watoto wa vijiji vyetu, na wengine huja kanisani. Mara nyingi nyuma ya tuhuma za uchawi kuna ugomvi wa shamba. Basi mtu wa namna hiyo akitubu kwa kweli, simnyimi neema ya Mungu, wala sina ufunguo wa kuifungia. Nina swali moja tu ambalo napenda ajiulize akitoka kuungama: lile shamba la marehemu, mwaka huu analima nani? Kama ni yeye, basi njia ya kwenda kwa watoto wa yule bibi anaijua, na jembe lake alitangulize mlangoni mwao.